Sufuria, Mvua, Samahani

Bhanu alipoamka baada ya upasuaji, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita mumewe. Mdomo ulifunguka, midomo ikacheza, na hakuna kilichotoka. Madaktari wa Nairobi walikuwa wamemweleza mapema kwamba saratani ya koo haingeondoka bila kuondoka na sauti, naye alikuwa amekubali na kutia sahihi. Hata hivyo alishtuka kama mtu ambaye hakuambiwa lolote. Alimtazama Gautam, kisha akamtazama mwanawe Jaydeep aliyesimama miguuni pa kitanda, kisha akageukia ukuta.

Kwa mtu mwingine pengine lingekuwa jambo la kuzoeleka. Lakini huyu alikuwa Bhanu wa duka la vitambaa. Wateja wa Nakuru walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alibishana bei na akina mama wa Njoro kwa Kiswahili, akawasalimia wazee kwa Kikuyu cha kuchekesha, akawafokea wapagazi kwa Kigujarati, na jioni akapanda ngazi kwenda nyumbani, ghorofa ya juu ya duka lile lile, bado anaongea. Gautam, mtu mpole wa kusoma magazeti, alikuwa amekaa na sauti hiyo miaka arobaini na kitu. Waliporudi kutoka hospitali nyumba ikawa kimya mpaka saa ya ukutani ikasikika.

Jaydeep alimnunulia kibao cheupe na kalamu ya wino unaofutika. Bhanu akakitumia kuomba chai, kuuliza kama duka limefungwa, kumkemea Gautam kwa kutokula. Baadaye akanunuliwa tableti, Jaydeep akaiwekea kibodi ya Kigujarati, na hapo mama akapata wazo.

Aliandika kwenye kibao: "Watoto wa Tejal wananijua kwa simu tu. Sasa hata kwa simu hawatanijua."

Tejal alikuwa binti yake mkubwa, aliyeolewa Leicester. Watoto wake walijua Kiingereza peke yake. Bhanu akafuta, akaandika tena: "Nitaandika mambo yangu. Kigujarati. Wewe utayageuza Kiingereza, na Kiswahili pia, kwa sababu mimi ni mtu wa hapa. Kila mtu asome kwa lugha yake. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Jaydeep na rafikiye Kipchirchir walikuwa na ofisi ndogo mjini, wakitengeneza tovuti za lugha nyingi. Wateja wao wakubwa walikuwa mashamba ya maua ya upande wa Naivasha, yanayouza Uholanzi, Ujerumani hadi Japani. Jaydeep alisifiwa kwa umakini. Mara moja mnunuzi mmoja wa Kijerumani alilalamika kwamba jina lake limekosa vile vinukta viwili juu ya herufi, na Jaydeep akakaa siku mbili mfululizo akisaka kosa hilo mpaka akalipata.

"Nitakutengenezea ukurasa wako mwenyewe, Mummy," alisema. "Unaandika, unabonyeza, basi. Inahifadhiwa."

Bhanu akatoa sharti. Akaliandika kwa herufi kubwa: "ASISOME MTU MPAKA NIMALIZE." Akatafakari kidogo, akaongeza chini yake kwa herufi ndogo: "Au mpaka niishe mimi." Kisha akacheka kile kicheko chake kipya, mabega yakitikisika bila mlio.

Wiki hiyo ilikuwa ya msukosuko ofisini. Siku ya wapendanao ilikuwa inakaribia na shamba moja lilitaka tovuti yake iwe hewani kwa lugha nne kabla waridi hazijaanza kusafirishwa. Jaydeep hakuwa na nafasi ya kumjengea mama ukurasa mpya. Akachukua ule aliowahi kuitengenezea zahanati moja ya Mai Mahiu enzi alipokuwa bado anajifunza kazi, ukurasa mwepesi ambapo madereva wa malori waliandika maoni yao kwa Kiswahili. Akabadilisha jina, akabadilisha rangi, akaweka picha ya kreta ya Menengai juu. Akaujaribu: "Jambo Mummy, hii ni ya kujaribu." Maneno yakaingia, yakahifadhiwa, yakatoka kama yalivyoingia. Akampelekea mama jioni hiyo hiyo.

Bhanu akaanza kuandika kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye kiti cha dirishani, akiwa amejifunika mtandio magotini. Alibonyeza kitufe, ukurasa ukamwambia "Asante, tumepokea", kisanduku kikawa kitupu, akaanza upya. Gautam alikaa mkabala na gazeti lake. Akisogea karibu, mkewe alifunika tableti kwa mtandio.

Siku moja Jaydeep alipita kuwaona akitoka Kiamunyi, alikokuwa amepanga. Mama akamshika mkono, akamwandikia kwenye kibao: "Maneno yangu yanaingia vizuri?"

Jaydeep akatoa simu, akafungua upande wa ndani wa tovuti, akaona idadi ya maandishi imeongezeka. Hakufungua hata moja. Alikuwa ameahidi kutosoma, na tena simu ya mteja ilikuwa inaita.

"Yanaingia, Mummy. Yote yako salama."

Bhanu akampapasa shavu.

Alifariki mvua za masika zilipoanza, asubuhi, Gautam akiwa amekwenda kumchemshia maziwa. Tejal aliruka kutoka Uingereza akafika siku ya kuchomwa maiti. Watu walijaa mpaka nje ya lango: wafanyabiashara wa mtaa, watu wa hekaluni, na akina mama wa Njoro waliokuwa wakinunua vitambaa kwake tangu enzi za mama zao. Jaydeep, kama mtoto wa kiume, ndiye aliyewasha moto.

Usiku wa matanga Gautam hakuuliza mengi. Aliuliza jambo moja tu. "Yale maandishi yake. Tutayasoma siku ya kumi na tatu?"

Siku ya kumi na tatu ndiyo siku ya kufunga maombolezo. Ndugu wangekuja, wangeomba, wangekula pamoja.

"Tutayasoma, Pappa," Jaydeep akasema. "Nitayapanga vizuri. Kutakuwa na vitufe vitatu juu, cha Kigujarati, cha Kiswahili na cha Kiingereza."

"Mimi nitasoma ya Kigujarati," baba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukalegea. "Nitasoma kwa sauti. Alinikatalia miezi yote hiyo. Sasa hawezi kufunika na mtandio."

Zikiwa zimebaki siku mbili, Jaydeep alikwenda ofisini asubuhi kuanza kazi hiyo. Alifungua andiko la kwanza.

????? ?? ????? ???? ?? ?????????, ???? ?? ????.

Akafikiri ni fonti. Kompyuta isipokuwa na maumbo ya herufi za lugha fulani huonyesha vitu vya ajabu. Akafungua kwa programu nyingine, ikawa vile vile. Akafungua andiko la pili, la tatu, la kumi. Yalikuwa zaidi ya arobaini, mengine marefu kama kurasa za kitabu, na yote yalijaa alama za kuuliza zilizojipanga kwa utaratibu, na nafasi kati ya maneno, na koma na nukta pale mama alipoziweka.

Kipchirchir aliingia akiwa na mandazi kwenye karatasi. "Niaje, chief. Mbona uko hivyo?"

Jaydeep akageuza skrini.

Kipchirchir akaweka mandazi chini polepole, akavuta kiti. Wote wawili walijua wanachotazama, lakini Kipchirchir akajaribu kukizunguka. "Ingekuwa zile takataka za herufi zimechanganyikana, hiyo tungerudisha. Tumesharudisha nyingi."

"Najua."

"Hii si takataka, Jay. Hii ni..."

"Najua ni nini."

Kompyuta haiweki herufi. Inaweka namba, na lazima mtu aiambie namba ipi ni ya herufi ipi. Jedwali la ule ukurasa wa Mai Mahiu, yaani mahali maneno yanapohifadhiwa, lilikuwa limepewa orodha fupi ya zamani, ya herufi za Ulaya tu. Kiswahili kinaenea humo bila shida, ndiyo maana madereva hawakuwahi kulalamika, na ndiyo maana "Jambo Mummy" iliingia na kutoka salama. Lakini kila herufi ya Kigujarati ilipofika, jedwali liliitafuta kwenye orodha yake, likaikosa, likaandika alama ya kuuliza mahali pake. Kisha likasema asante. Herufi yenyewe haikufichwa popote. Ilitupwa pale pale, siku ile ile, mama akiwa bado ameshika tableti.

Walitafuta siku nzima. Nakala za akiba kwenye seva zilikuwa na alama hizo hizo. Kumbukumbu za seva zilionyesha saa ambayo mama alibonyeza kitufe na hazikuonyesha alichokiandika. Jaydeep alikimbia nyumbani kwa baba akachukua tableti kwa siri, wakaipekua kila mahali. Kipchirchir alimpigia rafiki yake wa Nairobi anayeokoa data za makampuni. Huyo akamsikiliza, akauliza maswali mawili, akasema pole.

Alasiri Kipchirchir akafungua jedwali lile, akabadilisha mpangilio wa herufi kwa amri ya mstari mmoja. Jaydeep akaandika jina la mama kwenye kisanduku na kubonyeza.

ભાનુ.

Likaingia, likatoka, zuri, na ule mkia mdogo chini ya herufi ya mwisho. Ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Jaydeep akainamisha kichwa mezani, akalia mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kugonga mlango, na Kipchirchir akasimama mlangoni akiwaambia hakuna shida, amefiwa, mwacheni.

Aliwaambia baba na dada sebuleni siku iliyofuata, mchana, chai ikiwa mezani. Hakuzungusha maneno. Alieleza ukurasa ulitoka wapi, kwa nini aliuchukua, na kilichotokea. Aliweka kompyuta mbele yao wakaona wenyewe.

Tejal alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Yaani hakuna?"

"Hakuna, Tejal-ben," Jaydeep akamjibu dada yake.

"Maua ya wazungu unayaandikia Kijapani," Tejal akasema. Alikuwa ametulia na hilo lilikuwa baya kuliko kupiga kelele. "Kijapani, Jaydeep. Mama yako ukampa kitu cha mitumba."

Jaydeep akaitikia kwa kichwa.

Gautam alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, ameinama karibu na skrini, kidole kikifuata mistari kama anasoma kweli. Kilifika mahali kikasimama.

"Hapa kuna neno," akasema.

Lilikuwepo. Katikati ya alama za kuuliza kulikuwa na neno zima, limekaa peke yake: sufuria. Jaydeep alikuwa ameyaona maneno ya namna hiyo jana, bila kuyajali, kwa kuwa alikuwa anatafuta Kigujarati. Kigujarati cha wazee wa Nakuru kimejaa Kiswahili, na Bhanu, mtu wa dukani, Kiswahili alizoea kukiandika kwa herufi zake za kawaida hata katikati ya sentensi ya Kigujarati. Herufi hizo jedwali lilizijua. Likazihifadhi.

???? ?????? sufuria ?? ????, ???? ??? mvua ???? ???? Njoro.

"Sufuria, mvua, Njoro," Gautam akasoma, kama alivyoahidi kusoma, kwa sauti. Akavua miwani, akaivaa tena. "Hii naijua. Mwaka tulipooana tulipanga chumba cha mabati. Kikivuja anaweka sufuria chini. Maji yakidondoka anaimba."

"Lakini Njoro, Pappa?" Tejal akauliza. "Pengine ni ile siku ya harusi ya rafiki yake kule. Alipika yeye, mvua ikazima moto. Alinisimulia."

"Pengine."

"Au ni mapishi tu."

"Pengine," baba akasema tena, na lile jambo alilosema analijua likaanza kumtoka mkononi.

Wakaendelea kuokota maneno yaliyobaki. Pole pole. Kitenge. Jirani. Mungu saidia. Andiko moja lilianza na alama nne halafu koma. Tejal akaliwekea kidole. "Jina langu lina herufi ngapi, ukihesabu na vile vialama vya irabu?"

"Nne," Jaydeep akasema.

"Basi huyu ni mimi? Ananiita?"

Maneno ya alama nne ni maelfu. Jina la mama mwenyewe lilikuwa na nne. Jaydeep alitaka kumwambia dada yake ndiyo, angalau ampe hilo. "Yaweza kuwa wewe," akasema. Tejal akayatazama yaliyofuata baada ya koma, aya nzima ambayo pengine ilikuwa yake, akafunika uso kwa dupatta, mtandio wake.

Karibu na mwisho wakakuta mstari mfupi.

?? ????? ?? samahani ??? ???????.

Gautam aliuinamia huo mstari. "Anamwomba nani samahani?" akauliza.

"Ni mimi?" Akamtazama Jaydeep, kisha Tejal, kama watu wanaoweza kujua. "Alinikosea nini? Hakunikosea kitu. Au ni mimi niliyemkosea, alikuwa anangoja samahani yangu? Beta, mwanangu, angalia vizuri. Hakuna njia kabisa?"

"Hakuna, Pappa."

Siku ya kumi na tatu ndugu walifika. Baada ya sala, mjomba mmoja akaulizia maandishi ya Bhanu, maana habari zilikuwa zimeenea. Jaydeep akafungua mdomo. Gautam akamtangulia.

"Bado hayajakamilika," akasema. "Ni kazi ya lugha tatu. Haiharakishwi." Akainuka kuwagawia watu vyakula, jambo ambalo maisha yake yote aliliachia mkewe.

Jaydeep angependelea kupigwa.

Tejal aliondoka wiki hiyo. Uwanja wa ndege alimkumbatia mdogo wake kwa kuwa baba alikuwa anatazama, lakini mwili wake ulikuwa mgumu kama mbao. Kwa miezi kadhaa alipopiga simu alimwomba baba peke yake.

Duka likafunguliwa tena. Jaydeep alihama Kiamunyi akarudi kuishi ghorofani. Ofisini alipitia kila tovuti waliyowahi kutengeneza, hata zile ambazo wateja walishafunga biashara, akarekebisha majedwali yote. Kipchirchir hakumzuia. Hata alipomaliza hakupata usingizi.

Jumapili moja Gautam alimkuta kwenye kiti cha dirishani, kompyuta magotini, anayatazama tena yale maandishi.

"Yana tarehe?" baba akauliza.

"Yana tarehe na saa. Hizo zilibaki."

"Nisomee."

Jaydeep akasoma tarehe ya kwanza. Gautam akavuta kiti chake cha gazeti, akafumba macho.

"Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Alikasirika na kibodi. Alipiga kidole mezani."

Jaydeep akamtazama.

"Andika," baba akasema. "Mimi sikusoma maneno yake. Lakini nilikuwa nimekaa hapa. Uso wake niliusoma."

Wakaanza. Jaydeep alitaja tarehe, Gautam akasema alichokumbuka, na Jaydeep akaandika chini ya alama za kuuliza, kwanza kwa Kigujarati, baba akimsahihisha irabu alizozikosea, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Siku hii alicheka, mabega tu, akajifuta machozi kwa mtandio. Siku hii aliacha katikati akaomba chai, akaandika tena. Siku hii alitazama barabarani muda mrefu, kulikuwa na mwanamke anapita na mtoto mgongoni. Tarehe ya samahani ilipofika Gautam alikunja midomo. "Alikuwa mtulivu. Baada ya kubonyeza alinitazama, akanipa chungwa alilokuwa amelimenya." Akageukia dirisha. "Sikumuuliza."

Kazi iliwachukua Jumapili kadhaa. Hakuna aliyejidanganya kwamba hayo ndiyo maneno ya Bhanu. Siku nyingine Gautam alishindwa kukumbuka chochote, akakasirika, akaenda kulala mchana na mlango umefungwa.

Ukurasa ulipokuwa umebakiza andiko moja, Jaydeep alilifungua. Lilikuwa refu kuliko yote, na halikuwa na neno hata moja la Kiswahili ndani yake, si jina, si tarakimu. Alama za kuuliza kutoka juu hadi chini, akivuta, zinaendelea. Akasoma tarehe.

Gautam akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Ni siku niliyokwenda Kariandusi," akasema. "Wazee wenzangu wa hekaluni walikuwa wanakwenda kutembea kule mpaka ziwa Elmenteita. Mimi sikutaka. Yeye aliniandikia niende, eti ninamchosha kwa kumtazama." Akajaribu kutabasamu. "Tulikula chakula cha mchana kule. Nilirudi jioni. Nikamkuta amelala."

"Mimi nilikuwa ofisini," Jaydeep akasema.

"Basi hakukuwa na mtu."

Chini dukani kulikuwa kumefungwa, na barabarani watu wa kanisani walikuwa wanapita na nguo zao nzuri. Baadaye Gautam akamwambia mwanawe aandike, na Jaydeep akaandika kwa lugha zote tatu: Siku hii aliandika zaidi ya siku zote. Hatukuwepo.

Baba akainama, akasoma Kigujarati chake taratibu, akaonyesha mahali alama ya irabu ilipokosewa. Jaydeep akairekebisha, akabonyeza. Kisha Gautam akamwomba ampigie Tejal, amwambie ukurasa uko tayari.